Herufi ya usafi mlangoni: mwenye amri ni mji au jimbo?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini usafi wa jikoni haujiuzi, kwa kuwa mteja hauoni. Ndiyo maana nchini Marekani herufi moja iliyobandikwa dirishani mwa mgahawa ina thamani kibiashara.

Kaunti ya Los Angeles ilianza utaratibu huo Januari 1998, baada ya televisheni kuonyesha, Novemba 1997, picha za siri za majiko machafu. Mgahawa unaopata alama 90 hadi 100 hupewa A, 80 hadi 89 hupewa B, na 70 hadi 79 hupewa C.

Je, serikali ya mtaa inaruhusiwa kuamuru hivyo? Jibu hutegemea jimbo.

Huko California, viwango vya usafi wa chakula huwekwa na jimbo, na mji hauna ruhusa ya kutunga vyake. Hata hivyo, kifungu cha 113709 cha sheria ya afya kinaziachia serikali za mitaa uhuru wa kupanga madaraja. Kwa maneno mengine, kipimo ni kimoja, ila kila kaunti huamua namna ya kumtangazia mteja matokeo.

Florida imefunga mlango huo. Kifungu cha 509.032 kinasema kwamba usimamizi wa migahawa, pamoja na viwango vya usafi na ukaguzi, ni kazi ya jimbo. Hivyo mji kama Miami hauwezi kuanzisha herufi zake. Ripoti za ukaguzi zipo wazi kwa umma, lakini mteja hana budi kuzitafuta mwenyewe.

Nani anafaidika? Kampuni yenye matawi katika miji mingi hupunguza gharama ikifuata sheria moja. Kwa upande mwingine, mgahawa mdogo ulio safi, usio na fedha za matangazo, hukosa tangazo la bure. Wachumi Ginger Zhe Jin na Phillip Leslie walionyesha mwaka 2003 kwamba herufi za Los Angeles ziliwasukuma wenye migahawa kuongeza usafi. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulipinga dai lao kwamba maradhi yatokanayo na chakula yalipungua.

Kwa hiyo, anayetaka kuwekeza mtaji katika mgahawa huko asiishie kusoma kanuni za mji. Aanze na sheria ya jimbo.