Udongo Mweusi wa Jaani Si Mbolea

Leo tunajibu swali ambalo akina mama huuliza mara kwa mara kliniki: "Sista, ule udongo mweusi wa jaa la zamani, naweza kuutia katika shamba la mboga?"

Jibu ni hapana. Hebu tuone sababu.

Ni kweli udongo huo unapendeza macho. Taka zilizokaa miaka mingi huoza zikawa laini kama samadi, na sukuma wiki ikipandwa hapo yaweza kunawiri. Lakini jaani hatutupi maganda ya viazi pekee. Hutupwa pia betri kuukuu za gari, mabaki ya rangi na redio zilizoharibika. Maganda huoza yakaisha. Madini ya risasi yaliyo katika betri na rangi za zamani hayaozi. Hubaki udongoni miaka nenda, miaka rudi.

Mvua inaponyesha, maji hupenya kwenye taka kama maji ya moto yanavyopita katika majani ya chai. Hutokea chini yakiwa meusi, yananuka, yamebeba vijidudu, chumvi, amonia na madini. Yasipozuiwa huteremka mtoni au kuingia visimani.

Jaa lililojengwa vizuri hutandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nzito, likawekwa mabomba ya kukusanya maji hayo. Kisha hupelekwa mabwawani na kutiwa hewa ili bakteria wale uchafu kabla maji hayajaachiliwa. Na pale jaa la zamani linapofukuliwa na wataalamu, udongo wake huchekechwa na kupimwa, na mara nyingi hutumiwa kufunikia taka nyingine, si kupandia chakula.

Jaa la Dandora, Nairobi, lilianza miaka ya 1970 katika machimbo ya mawe, kando ya Mto Nairobi. Mwaka wa 2001 ilitangazwa kuwa limejaa, lakini taka ziliendelea kumwagwa. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mtoto mdogo ndiye huumia zaidi. Hutambaa, hutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua, na ubongo ulioharibika hivyo haurudi ulivyokuwa. Mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Mara nyingi huoni dalili yoyote, mpaka mtoto anapochelewa kuzungumza au kushindwa na masomo.

Sasa mama, ufanye nini?

Kwanza, usipande mboga jaani wala usichukue udongo wa huko. Viazi, karoti na mboga za majani ndizo hatari zaidi, kwa sababu udongo hushika kwenye mizizi na majani.

Pili, usinyweshe mboga kwa maji yanayochuruzika kutoka jaani, wala usichote maji ya kisima kilicho chini yake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi.

Tatu, tengeneza mbolea yako nyumbani. Changanya maganda, majani makavu na samadi, nyunyiza maji kidogo, geuza kila baada ya wiki moja au mbili. Baada ya miezi michache iko tayari. Kama huna shamba, panda kwenye gunia lenye udongo safi.

Nne, mwoshe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula. Anayefanya kazi jaani avue viatu na nguo za kazi nje.

Tano, usimwache mtoto na njaa, kwani tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Mpe maharagwe, ndengu, omena na maziwa. Madini ya chuma na kalsiamu husaidia kuizuia.

Ikiwa mtoto wako huchezea jaani au hula udongo, mpeleke kliniki na umweleze muuguzi bila kuficha.

Kumbuka: udongo mweusi si lazima uwe udongo mzuri.