Pande Mbili za Amri ya Kubadilisha Matini

Ruwaza za utafutaji, ambazo waandishi wa programu huziita rejeksi, zilianza katika hisabati ya Mmarekani Stephen Kleene katika miaka ya 1950, kisha Ken Thompson akaziingiza katika QED, programu ya kuhariri matini, na mwaka 1968 akachapisha njia ya kuzitekeleza kwa kompyuta. Nguvu yake hutokana na alama chache zenye kazi maalumu: nukta, kwa mfano, husimama badala ya herufi yoyote ile, hivyo ruwaza 3.5 hunasa 3.5 na pia 305, na anayetaka nukta yenyewe hulazimika kuikinga, yaani kuitangulizia mkwaju wa nyuma na kuandika 3\.5.

Hayo wengi huyafahamu. Kinachosahaulika ni kwamba amri ya kubadilisha matini ina upande wa kutafuta na upande wa kuweka, na kila upande una alama zake. Katika sed, programu iliyoandikwa na Lee McMahon kwa ajili ya Unix, alama & ni herufi tu upande wa kutafuta, ilhali upande wa kuweka humaanisha chochote kilichopatikana. Kwa hiyo amri s/JINA/Juma & Wanawe/, iliyokusudiwa kuandika jina la duka kwenye stakabadhi, hutoa “Juma JINA Wanawe” bila onyo lolote, na dawa yake ni kuandika \& badala ya & tupu.

Katika Java kazi hiyo hufanywa na dola: $1 huita kundi la kwanza, yaani kile kilichonaswa na sehemu ya ruwaza iliyotiwa mabanoni. Bei ya $100 ikiwekwa ilhali ruwaza haina kundi, programu hukatika. Ikiwa na kundi moja, $1 humezwa, na kilichonaswa huandikwa kikifuatwa na sifuri mbili. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwani programu iliyokatika hurekebishwa mapema, lakini bei potofu humfikia mteja.

Java hutoa kinga mbili zisizobadilishana nafasi: Pattern.quote kwa utafutaji na Matcher.quoteReplacement kwa uwekaji. Katika Python, re.escape ni ya utafutaji pekee, na njia salama ya kuweka ni kutoa kitendakazi kinachorudisha matini, kwa kuwa matini hiyo haisomwi tena kutafutwa alama. JavaScript imepata RegExp.escape katika toleo la 2025 la kiwango chake, nayo pia hukinga utafutaji tu. Upande wa kuweka, kila $ bado huandikwa $$.