Kiunguja ndani ya Kompyuta: Ukusanyaji wa Mipangilio ya Lugha na Eneo kwa Mifumo Endeshi

1.0 Utangulizi

Inapozungumzwa habari ya kuingiza Kiswahili katika kompyuta, aghalabu hufikiriwa tafsiri ya maneno yanayoonekana kwenye kiwambo: fungua, hifadhi, futa, funga. Kazi hiyo imeshughulikiwa kwa juhudi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na katikati ya muongo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Lakini chini ya tafsiri kuna kazi nyingine isiyoonekana sana, nayo ni ukusanyaji wa mipangilio ya lugha na eneo. Kwa mipangilio hiyo mfumo endeshi huelezwa siku za juma zinaitwaje na ipi kati yake ianze, tarehe na saa ziandikwe kwa utaratibu gani, sarafu ni ipi, maneno yapangwe vipi katika orodha, na hata mtumiaji abonyeze herufi gani anapotaka kukubali jambo.

Makala haya yanaeleza namna mipangilio hiyo inavyokusanywa na matatizo yake ya kiisimu, kwa kuangalia hasa kisiwa cha Unguja. Sababu ya kuchagua Unguja ni ya kihistoria. Kiunguja ndicho alichokieleza Edward Steere katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870. Ndicho kilichoteuliwa na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji. Na ndicho kilichokabidhiwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Hivyo maneno yaliyomo katika mafaili ya kompyuta mengi ni ya Kiunguja. Suala linalobaki ni kama hesabu za Kiunguja, yaani hesabu ya saa, ya juma na ya miezi, zimo pia.

2.0 Alama za lugha na nchi

Kila mpangilio hutambulishwa kwa alama mbili, ya lugha na ya nchi. Kiswahili kimepewa alama ya sw, na Tanzania TZ; zikiunganishwa hupatikana sw_TZ. Mifumo inayotumia maktaba ya glibc, ikiwemo Linux nyingi, ina faili la sw_TZ na la sw_KE. Mafaili hayo ni maandishi ya kawaida yaliyogawanywa katika sehemu za wakati, fedha, upangaji wa herufi na kadhalika, ambayo programu iitwayo localedef huyageuza kuwa umbo linalosomwa na mashine. Windows kwa miaka mingi ilikuwa na Kiswahili cha Kenya pekee. Siku hizi chanzo kikuu cha data hizi ni hazina ya CLDR, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na kuhamia chini ya Unicode mwaka 2004, ambayo ina Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo.

Zanzibar haina alama ya nchi. Katika utaratibu wa ISO inaonekana kwa mikoa yake tu: Mjini Magharibi ni TZ-15, Kaskazini Unguja ni TZ-07, Kusini Unguja ni TZ-11. Hivyo lolote ambalo Mji Mkongwe unalifanya tofauti na Dodoma au Mwanza halina mahali pa kuwekwa. Jambo hili si la kisiasa kwa asili yake. Ni matokeo ya kuchukulia kwamba mipaka ya desturi za lugha hufuata mipaka ya dola.

3.0 Juma na mwanzo wake

Majina ya siku kwa Kiswahili yana hesabu ndani yake. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, na kuendelea hadi Jumatano. Kisha huja Alhamisi na Ijumaa. Jina Alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano, maana Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Kwa hiyo juma la Mswahili lina siku mbili za "tano" zinazofuatana, kila moja ikitoka katika hesabu yake. Anayeyatazama majina haya hawezi kuwa na shaka kwamba juma lilianza Jumamosi, siku inayofuata sala ya Ijumaa.

CLDR hata hivyo huanzisha juma la Tanzania Jumatatu, kwa kufuata kanuni ya jumla ya dunia, na la Kenya Jumapili. Nchi zinazoanzia Jumamosi katika hazina hiyo ni pamoja na Misri na Oman. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: Mzanzibari aliyehamia Maskati, akichagua eneo la Oman, huona kalenda inayokubaliana na majina ya siku ya lugha yake kuliko ile aionayo nduguye aliyebaki Malindi. Mashariki ya Kongo mambo ni mengine tena, maana huko siku ya kwanza ni Jumatatu, na Jumamosi huitwa siku ya posho.

Haifuati kwamba kalenda ya Tanzania ibadilishwe. Ofisi na shule hufunguliwa Jumatatu, na mtumiaji wa kalenda ya kazini huenda akapendelea hivyo. Linalofaa kudaiwa ni kwamba uamuzi huo ufanywe na wanaoijua hoja ya upande wa pili. Ufupisho nao una taabu yake: kwa herufi moja moja, siku tano kati ya saba zingekuwa J. Wenye kuandikiana kwa simu wameshapata dawa, nao huandika J3 na J4. Hiyo ni bora kuliko mapendekezo mengi ya wataalamu.

4.0 Saa

Hapa ndipo penye ugumu hasa. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Saa moja asubuhi ni ile ambayo kompyuta huiandika 07:00, na saa moja usiku ni 19:00. Tofauti ni saa sita, na mtu yeyote wa Unguja huigeuza kichwani bila kufikiri. Kompyuta haiigeuzi, kwa sababu mipangilio ya eneo inaweza kuamua sura ya namba, mpangilio wake na neno linaloifuata, lakini haina nafasi ya kujumlisha wala kutoa.

Njia moja inayoweza kumjia mtu ni kubadili ukanda wa saa. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Akichagua ukanda ulio saa tatu nyuma, saa ya kiwambo itarudi kwa saa sita na tarakimu zitakuwa za Kiswahili. Saa tisa mchana, yaani 15:00, itaonyeshwa 9:00. Lakini kompyuta itaamini kuwa ni asubuhi. Vibaya zaidi, tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri tarehe itabaki ya jana, na kila miadi iliyoandikwa na mtu wa mahali pengine itasomeka kwa saa isiyo yake. Anayetaka tarakimu kwa njia hii huzilipia kwa tarehe.

Njia ya pili ni kuacha namba za kizungu na kuziongezea maneno ya nyakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. CLDR ina maneno hayo, na kwa mtazamo wa kwanza yanafurahisha. Kumbe ndiyo yenye hatari kubwa. "7:00 asubuhi" haimdanganyi mtu, kwa kuwa hakuna saa saba asubuhi. Msomaji hushtuka na kujisahihisha. Lakini "8:00 usiku", iliyokusudiwa kuwa 20:00, husomeka sawasawa kuwa saa nane usiku, wakati watu wamelala. "9:00 usiku" ni saa tisa usiku, karibu na daku kwa mfungaji wa Ramadhani. Neno la Kiswahili lililowekwa kwa nia ya kusaidia ndilo linalomthibitishia msomaji kosa.

Kwa hiyo utaratibu wa saa 24, unaotumiwa na data za Kiswahili katika CLDR, una hoja nzito: 20:00 haiwezi kuchanganywa, kwani hakuna saa ishirini. Hata hivyo haumalizi tatizo la nusu ya kwanza ya siku. Abiria wa boti ya Dar es Salaam mwenye tiketi ya 07:00, akiisoma kuwa saa saba, atafika bandarini Malindi baada ya adhuhuri. Mgonjwa aliyepangiwa 08:00 anaweza kufika saa nane mchana na kukuta kliniki imefungwa. Suluhisho la kweli ni programu endeshi ziwe na hesabu ya pili ya saa, kama zilivyo na zaidi ya kalenda moja. Na hilo haliwezekani kwa kujaza faili, bali kwa kubadili programu yenyewe.

Liko na suala la mpaka wa siku. Kwa desturi ya kale ya pwani siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kompyuta huuita Alhamisi. Ili kuondoa utata watu husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Msemo huo ni mkato mzuri wa lugha wa tatizo ambalo wahandisi hulitatua kwa tarakimu.

5.0 Miezi ya mfunguo

Januari hadi Disemba hazina shida. Shida iko katika kalenda ya Kiislamu, ambayo mifumo endeshi mingi inaitoa. Majina yanayotarajiwa ni Muharram, Safar na mengineyo, lakini Waswahili wana hesabu yao: mwezi unaofuata Ramadhani ni mfunguo mosi, kisha mfunguo pili, hadi mfunguo tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi husomwa mfunguo sita.

Anayekusanya data hukutana na hali ambayo jedwali halikuitazamia. Mwaka wa Hijria huanza Muharram, nao ni mfunguo nne. Jedwali lenye nafasi kumi na mbili zilizopangwa kuanzia Muharram litasomeka: mfunguo nne, tano, sita, saba, nane, tisa, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, mfunguo mosi, pili, tatu. Ni sahihi, ingawa msahihishaji asiye Mswahili angeweza kudhani namba zimevurugika. Isitoshe, kompyuta hukadiria mwandamo kwa hesabu, ilhali Zanzibar mwezi hutangazwa na Ofisi ya Mufti baada ya kuonekana. Siku moja ya tofauti ni jambo la kawaida.

Mwaka wa jua wa Nairuzi, unaoadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, na ambao wakulima na mabaharia waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, haumo kabisa katika jedwali lolote la mifumo hiyo.

6.0 Upatanisho, ndiyo na hapana

CLDR inakitambulia Kiswahili hali mbili za idadi, umoja na wingi, na kwa hizo huandikwa "mwezi 1 uliopita" na "miezi 3 iliyopita". Kwa vipimo vya wakati inatosha, kwa kuwa nomino ni chache na kila moja ina sentensi yake. Haitoshi programu inapotaka kuunga nomino yoyote na kitenzi kimoja, kwani ngeli haikuhifadhiwa popote. Hata wenyewe hatukubaliani: TUKI ilichapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na BAKIZA ikachapisha Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Tarakimu nayo huficha upatanisho. "Vitabu 2" husomwa viwili, "vitabu 6" husomwa sita bila kiambishi, maana sita, saba na tisa zilitoka Kiarabuni. Macho hayaoni tofauti, lakini kipofu anayesomewa na kompyuta husikia "vitabu mbili".

Maamuzi ya CLDR hufanywa kwa kura, na kura ya mwakilishi wa taasisi mwanachama ina uzito kuliko ya mgeni. TAKILUKI, ambayo sasa iko ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na BAKIZA, zina wataalamu wa kutosha kuleta hoja, na mlango wa wageni uko wazi kwa yeyote mwenye subira ya kujaza majedwali.

Mfano wa mwisho unatosha kuonyesha kwa nini ifanyike hivyo. Katika sehemu ya majibu, faili hutaja herufi za kukubali na za kukataa. Kwa Kiswahili ndiyo huanza na n, na naam vilevile. Hapana huanza na h, na la huanza na l. Kwa Kiingereza n ni herufi ya kukataa. Mtumishi aliyezoea kompyuta ya Kiingereza, akiulizwa kwa Kiswahili kama faili lifutwe, hubonyeza n akidhani anakataa, na faili hufutwa. Kuondoa n katika kukubali ni kumnyima Mswahili neno lake. Kuiacha ni kumhatarisha aliyezoea. Iliyo salama ni kutokubali herufi moja pekee pale ambapo jambo haliwezi kurudishwa, na kumtaka mtumiaji aandike neno zima.