Utingo, Chuo na Daraja E

Aghalabu mtu akiuliza habari za shehena zitokazo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, huelezwa habari za meli na ushuru. Ni nadra kuelezwa habari za yule azichukuaye, wala za njia aliyoipita hata akakabidhiwa dhamana ya gari ambalo, likiwa na ekseli 7, laruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kufikia uzito wa tani 56.

Njia kongwe ni ya utingo, yaani msaidizi wa dereva wa lori. Ilishika nguvu baada ya Novemba 1965, pale walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na Zambia ikalazimika kuitegemea bandari yetu kwa petroli na shaba yake, malori yakawa hayana mapumziko katika barabara ya vumbi iendayo Tunduma. Hata leo desturi haijabadilika sana: kijana huchukuliwa kwa posho tu, akafunga turubai, akalinda mzigo usiku, akabadili tairi, akaruka chini na kabari ya mti kila gari lisimamapo mlimani, na dereva akimridhia humwachia usukani mahali pa tambarare, kinyume cha sheria, maana kijana hana leseni.

Elimu hiyo siidharau hata kidogo. Atakaye kuijua thamani yake na ateremke mlima Kitonga, mkoani Iringa, akiwa na shehena ya shaba. Dereva aliyefundwa vyema huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kwa kuwa gari likishachanganya kasi gia hiyo haiingii tena, na breki za upepo zikikanyagwa mfululizo hupata moto, zikanuka, hatimaye zikakataa kushika. Basi injini ndiyo ipasayo kulizuia gari, na breki iwe ya kusaidia tu, ikanyagwe na kuachiwa. Maneno haya mwalimu aweza kuyamaliza kwa dakika 5 ubaoni, lakini sikio litambualo mlio wa injini iliyozidiwa halipatikani ila kwa tajriba.

Bali utingo hurithi na maovu ya bwana wake. Akimwona akiteremka gari likiwa nyutro ili abane mafuta ya kuuza njiani, atadhani hiyo nayo ni sehemu ya sanaa, na siku atakayokuwa peke yake ataifuata.

Njia ya pili ni ya chuo: vyuo vya VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoanza mwaka 1975. Aliye na leseni ya gari dogo, yaani daraja D, hujifunza huko magari makubwa, akatahiniwa, akapata daraja E. Na sheria ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kazi ya kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Utaratibu huu ni mwema. Ila mhitimu akienda kuomba kazi kwa tajiri mwenye malori huulizwa uzoefu, naye hana. Na asiye na ndugu wala jamaa katika kampuni hurudi kuwa utingo, akamtumikia dereva aliyesoma kidogo kuliko yeye.

Tajiri ana haki ya kuogopa, maana kichwa na tela lake ni mali nyingi mno kumwachia mgeni. Lakini haifai kudai uzoefu ambao yeye mwenyewe hakubali kuutoa. Rai yangu ni kwamba kila utingo apewe daftari la safari, liandikwe njia aliyopita, mzigo uliochukuliwa na kazi alizofanya, likatiwa sahihi na dereva na tajiri, nalo likubaliwe chuoni kuwa sehemu ya mafunzo. Na mhitimu naye aingie barabarani akiwa na leseni halali, chini ya dereva aliyelipwa ujira wa kumfundisha. Ada ya chuo kwa utingo wa namna hiyo ingelipwa na tajiri, naye utingo akakatwa kidogo kidogo katika mshahara atakapoanza kuendesha.