Mkoba wa Bibi: Ushonwe au Utupwe?

Wiki tatu zilizopita, nyumbani kwetu Shela hapa Malindi, mama alifungua kasha la marehemu bibi akitafuta hati ya kiwanja, na badala ya hati akatoka na mkoba. Tangu siku hiyo, msomaji, hatujazungumza jambo jingine. Hati yenyewe mpaka leo haijaonekana, na hakuna anayeiulizia.

Ni mkoba wa kike wa kushika mkononi, wa ngozi, rangi ya tende mbivu. Au niseme ndiyo iliyokuwa rangi yake. Mkono mmoja umekatika. Bizimu yake ya shaba imefanya kutu ya kijani. Kifuniko kimepasuka pasuka, na ukikipapasa vidole vinatoka na vumbi jekundu kama la tofali. Ndani, bitana yake, ambayo nayo ni ya ngozi laini, imebambuka pembeni na kuota madoa meupe ya kuvu.

Dada yangu aliutazama mara moja tu. "Utupeni," akasema. "Sokoni kuna mikoba ya mitumba ya shilingi 400, tena mizima." Mama hakumjibu. Aliufunga mkoba kwa leso, akaurudisha kashani, kisha akaniangalia mimi. Nikajua kwamba kazi imeniangukia.

Ili msomaji aelewe, lazima nieleze mkoba huu ulikotoka. Bibi alikuwa akitarizi kofia na kuwauzia watu wa mji na wageni pia. Mwaka 1974 mama mmoja wa Kizungu, aliyekuwa amepanga nyumba upande wa ufuo wa Casuarina, alimwachia mkoba huu siku alipofunga safari ya kurudi kwao. Ndani yake kuna chapa iliyofifia, na kwa taabu waweza kusoma neno Firenze, ndio ule mji wa Italia ujulikanao pia kwa jina la Florence, ambao sifa yake ya kazi za ngozi ni ya karne nyingi. Basi mkoba wa Kitaliano ukawa wa bibi wa Kiswahili. Aliuchukua harusini na matangani. Aliuchukua Lamu kwenye Maulidi. Nikiwa mdogo niliwahi kusafiri naye kwenda Mombasa, siku zile ambazo Kilifi ilikuwa bado ni ya kivuko, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, nami nakumbuka jinsi alivyoupakata kwa mikono miwili mpaka tukafika ng'ambo, kana kwamba bahari ilikuwa na haja nao.

Kilichouangamiza ni mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Paa la makuti lilivuja, mkoba uliokuwa umening'inia msumarini ukarowa mpaka ndani, kisha ukaanikwa juani, na ulipokauka ukatiwa katika mfuko wa plastiki na kufungiwa kashani. Mama anakumbuka pia kwamba aliupaka mafuta ya nazi, tena mengi.

Niliuchukua kwa fundi mmoja wa viatu aliye nyuma ya soko. Mzee huyu ana kibanda cha mabati na kigoda, na hakuna kiatu cha Malindi ambacho hakijapita mikononi mwake. Nilidhani ataniambia bei. Kwanza aliunusa. Kisha akauinamisha penye mwanga, akaukunja kidogo, akasikiliza kama daktari. Nilipomtajia jua, plastiki na mafuta ya nazi, alitikisa kichwa kwa kila moja.

"Mwanangu, ngozi haiuawi na maji," akaniambia. "Ngozi imezaliwa majini. Inayoiua ni jua baada ya maji. Na ukiifungia kwenye plastiki pwani kama hii haipumui, kuvu inapata makao. Hayo mafuta ya nazi mmeilisha kuvu na mende."

Alisema kweli. Ngozi mbichi hulowekwa majini siku nyingi ili manyoya yatoke, na kudabighiwa pia ni kazi ya maji. Kuna namna mbili kubwa za kudabighi. Moja ni ya chumvi za madini ya kromiamu, ambayo ndiyo inayotumika kwa sehemu kubwa ya ngozi duniani leo. Nyingine ni ile ya kale, ya maji ya magome ya miti. Sisi watu wa pwani tunayajua magome hayo, kwani magome ya mikoko yetu, kama hii iliyojaa hori ya Mida, yalikuwa yakipakiwa merikebuni kwenda ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo, na huko bara miti ya miwati ilipandwa ili magome yake yakakamuliwe dawa ya kudabighia katika viwanda vya Eldoret na Thika. Ngozi ya magome ni nzuri na hudumu, lakini ikizeeka katika hewa mbaya, utumwi wake huachana ukawa vumbi jekundu. Ndilo hilo lililokuwa vidoleni mwangu.

(Na hapa niongeze kwamba kazi ya ngozi haikuletwa kwetu na watalii. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na mafundi wa ngozi mashuhuri, na misahafu iliyonakiliwa huko ilijalidiwa kwa ngozi ambayo nyingine ingali nzima hadi leo. Anayedai kwamba hewa ya pwani haiwekani na ngozi akaitazame misahafu hiyo.)

Fundi akanionyesha jinsi ya kupima. Alichovya ncha ya kijiti katika kopo la maji, akaweka tone moja mahali pasipoonekana, chini ya mkoba. Maji yalinywewa taratibu, pakawa peusi kidogo, na baada ya robo saa rangi ikarejea na ngozi ikawa laini vile vile. "Hapa pazima," akasema. Akaweka tone la pili kwenye kifuniko. Lilinywewa mara moja kama mchanga unavyokunywa, pakawa peusi tititi, na palipokauka pakawa pagumu kama kigae. "Hapa pamekufa. Hata nikipashona, uzi utakata ngozi kama kisu." Mkono wa mkoba pia ulikuwa umekufa. Kwa jumla, mwili mzima, kifuniko na mkono wafu. Akataka shilingi 1,800. Nikaona si vibaya.

Hapo ndipo alipogeuza bitana nje, akanyamaza. Aliingia kibanda cha jirani yake, fundi wa saa, akarudi na ile miwani yake ya jicho moja. Alitazama kwa muda, kisha akanipa mimi.

"Hesabu vitundu," akasema.

Ngozi ya ng'ombe vitundu vyake vya nywele ni vidogo na vimetapakaa sawasawa. Ya mbuzi vimekwenda safu safu. Ile bitana vitundu vyake vilikuwa vitatu vitatu, kama mafiga, na kila fungu limejitenga na jenzake. Tena vilionekana pande zote mbili, kwa sababu nywele za mnyama huyo mizizi yake hupenya unene wote wa ngozi. Sina haja ya kumtaja mnyama mwenyewe. Mikoba mingi ya Ulaya ya zamani hizo ilitiwa bitana ya ngozi yake, kwa kuwa ni laini na ni rahisi.

Nilirudi nyumbani nikasema kwamba fundi bado anapima. Siku mbili sikuweza kumwambia mama. Si mkoba ulionitia hofu. Nilikuwa namwona bibi, aliyekuwa akiuweka kando ya msala wake kila aliposali.

Nilikwenda kwa ustadhi aliyenisomesha madrasa. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaanza pale pale pa kuanzia. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia masahaba waliotupa kondoo aliyekufa kwamba kilichoharamishwa ni kumla, na wangalimchuna wakaidabighi ngozi yake wakanufaika nayo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hivyo ngozi ya mzoga hutwaharika kwa kudabighiwa. Lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mbwa na nguruwe wametolewa katika hukumu hiyo. Wako wanazuoni nje ya madhehebu, kama Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, waliosimuliwa kusema kwamba hata ya nguruwe hutwaharika.

"Mimi sikupi ruhusa kwa kuwa umeitafuta," akasema. "Hiyo bitana itoke."

Nikamwuliza kuhusu bibi. Alitabasamu. Mkoba mkavu uliowekwa kando ya msala, akasema, haukubebwa katika sala, na kavu kwa kavu haipitishi najisi. Na bibi hakujua. "Huyo usimwogopee. Ogopea huo mwili wa mkoba, maana umesema ulirowa."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Mvua za 1997 zilikuwa zimeirowesha bitana ikiwa imegandamana na ngozi ya ng'ombe. Kwa Mashafii najisi hii ni nzito, huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye mchanga. Ustadhi akanieleza kwamba Imamu Nawawi, ambaye ni mkubwa katika wanazuoni wa Kishafii, aliona hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba ya nguruwe hutosha kuoshwa mara moja bila mchanga, kwa sababu hadithi ya mara saba imemtaja mbwa. Lakini kauli inayofuatwa zaidi ni ya mara saba. "Mchague wenyewe," akasema.

Nikamweleza mama jioni ile, baada ya Magharibi. Alilia kidogo. Nilimwambia maneno ya ustadhi kuhusu msala, nikayarudia mara mbili, naye akataka niyarudie mara ya tatu. Dada yangu, sharti nimshukuru, safari hii hakusema utupeni. Alisema tufuate kauli ya Nawawi, mkoba uoshwe mara moja upesi, pengine kifuniko kitapona. Kile kifuniko, ingawa kimekufa, penye bizimu kina alama nyeusi inayong'aa ambapo kidole gumba cha bibi kilifungua na kufunga kwa zaidi ya miaka 20. Fundi alikuwa amesema kingeweza kugandishwa juu ya ngozi mpya na kuwekwa kama pambo, mradi kisiguswe na maji. Kikiguswa na maji, hata mara moja, kitakuwa kigae.

Nami, nakiri, nilikuwa na hila ya tatu. Nilifikiri kusema kwamba hatuna yakini, kwamba miwani ya fundi wa saa si ushahidi, na kwamba yakini haiondolewi na shaka. Lakini nilikuwa nimevihesabu vile vitundu mwenyewe.

Mama alikaa na kifuniko mkononi mpaka adhana ya Isha. "Saba," akasema. "Na mchanga. Mamangu hangekubali moja."

Basi nilirudi kwa fundi. Alipasua mshono wa bitana wote kwa wembe, akaitoa, nami nikaifunga gazetini na kwenda kuifukia. Kifuniko alikikata pia. Tulipata mchanga safi, tukaupepeta ili usikwaruze, na mwili wa mkoba ukaoshwa kwa maji baridi bila sabuni, mara saba, upesi upesi, mimi namimina yeye anahesabu. Zile sehemu alizopima hazikugeuka kigae. Aliujaza matambara makavu ili usijikunje, akauweka kivulini penye upepo, na kila siku akabadilisha matambara. Ulipokuwa bado na unyevu kidogo aliupaka mafuta ya mbarika, matone machache tu kwa kitambaa, na ulipokauka kabisa akausugua kwa nta ya nyuki. Juani haukuguswa. Ilichukua siku tisa.

Kifuniko kipya na mkono ni vya ngozi ya mbuzi. Rangi haikulingana, ni nyeupe zaidi, na fundi anasema itakolea kwa kushikwa. Bitana mama ameitoa mwenyewe, nusu ya leso ya bibi ambayo nusu nyingine bado anajifunga. Fundi aliongeza shilingi 700, nami sikubishana, ingawa dada yangu alipiga hesabu kwa sauti na kupata mikoba sita ya mitumba na chenji.

Bizimu ilisuguliwa kwa ndimu na chumvi, ikaoshwa nayo mara saba kama vingine. Imerudishwa penye kifuniko kipya. Ni ngumu kufungua sasa, kwa sababu ngozi ya mbuzi haijazoea, na mama hukaa nayo barazani alasiri akiifungua na kuifunga kwa kidole gumba.