Tansio na sukari: mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja



Sisi wachungaji tunaitwa mara nyingi nyumbani kwa mtu aliyeanguka ghafula: mdomo umepinda, mkono hauinuki. Jamaa wanatuuliza ni nani aliyemroga. Tukiuliza taratibu, tunasikia kwamba zamani aliambiwa ana tansio, akameza dawa mpaka zikaisha, akajisikia vizuri, akaacha. Wengine wanapopimwa siku hiyo, wanakutwa na sukari pia. Ni vizuri tuelewe kwa nini magonjwa haya mawili yanapenda kutembea pamoja.

Insulini inafanya nini?

Tukila ugali wa muhogo au wali, au tukinywa soda, chakula kinageuka sukari katika damu. Hapo kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kinatoa insulini. Insulini inapiga hodi kwenye misuli na viungo vingine, navyo vinafungua na kupokea sukari.

Kwa watu wengine, hasa wenye tumbo kubwa, wasiotembea, au wa jamaa yenye ugonjwa wa sukari, viungo hivyo vinakuwa vizito kusikia. Kongosho inaongeza insulini ili hodi isikike. Kwa miaka mingi kipimo cha sukari kinaweza kuwa kizuri, kumbe insulini imejaa katika damu.

Shida ni kwamba figo bado zinasikia vizuri. Insulini nyingi inaziambia zishike chumvi, na chumvi inashika maji. Pia inachochea mishipa ya fahamu inayoharakisha moyo. Tena mishipa ya damu haitanuki tena inavyopaswa. Hivyo tansio inapanda. Kongosho ikichoka, sukari nayo inapanda. Mwaka 1988 daktari Mmarekani Gerald Reaven alieleza jinsi mambo haya yanavyokutana ndani ya mtu mmoja.

Si kila tansio inatoka hapo. Umri, chumvi nyingi, ugonjwa wa figo na urithi vinaweza kuileta, hata kwa mtu mwembamba. Lakini mwenye ugonjwa mmoja aombe apimwe na ule mwingine.

Tufanye nini?

Tupimwe. Tansio haina dalili kwa watu wengi. Ikifika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa ya chini, katika siku tofauti, ni ugonjwa.

Tupunguze chumvi. Kwa mtu mzima, kijiko kidogo kimoja kwa siku nzima kinatosha, na hapo tunahesabu pia chumvi ya samaki na ya Maggi. Samaki wa chumvi tuwaloweke, tumwage maji yale.

Tupunguze ugali na soda, tuongeze maharagwe, sombe na lenga-lenga.

Tutembee, angalau dakika 150 kwa juma. Mama anayepanda mlima kwenda shamba ameshatimiza. Tunaosema hapa ni sisi tunaoketi dukani, ofisini, na kwenye viti vya mbele kanisani.

Tusiache dawa kwa sababu tunajisikia vizuri. Tunajua barabara zetu na vita vyetu. Kwa hiyo tutafute nyingine kabla za mwisho hazijaisha.

Maombi na dawa

Hapa tunakiri kosa letu. Tumepokea shuhuda za uponyaji wa tansio, tukapiga vigelegele, bila kuuliza kipimo kinasema nini. Wengine walitupa vidonge vyao usiku ule ule. Tumezika baadhi yao.

Tumkumbuke Isaya. Alimletea mfalme Hezekia habari kwamba Mungu amesikia maombi yake, kisha akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii hakuona aibu kutumia dawa. Aliyeombewa aendelee kumeza dawa, arudi kupimwa, na muganga wa hospitali ndiye aseme kama zipunguzwe. Kupimwa si kumjaribu Mungu.

Tunaomba kila parokia iwatafute wauguzi walio waumini wake, na Jumapili moja kwa mwezi wapime watu baada ya ibada. Wachungaji tuanze sisi, mbele ya watu wote.

Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.