Kikosi cha Watenda Kazi katika Programu za Kompyuta: Mifano ya Nachingwea na Ruangwa

Methali mbili za Kiswahili zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa; ya pili yaonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Watungaji wa programu za kompyuta hawana budi kuzitii zote mbili, na njia mojawapo ya kuzipatanisha ni ile iwezayo kuitwa kikosi cha watenda kazi. Makusudi ya makala haya ni kueleza kikosi hicho ni kitu gani, chafaa wapi, na mpaka wake ni upi. Mifano imechukuliwa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ambako jambo lenyewe laweza kutazamwa kwa macho kila msimu wa korosho.

Korosho za wilaya hizo, pamoja na za Liwale, huuzwa kwa njia ya chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za kwanza za wilaya tatu. Mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi. Hupimwa, hutengwa kwa madaraja na kutiwa katika magunia, kisha huchukuliwa hadi ghala kuu na kuandikiwa stakabadhi. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na utaratibu huo ukaanza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Katika msimu wa 2024 minada yake iliendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Malipo ya mkulima hufuata hesabu iliyoandikwa. Basi programu inayoandika hesabu za namna hii yatakiwa iwe na mambo mawili: upesi, maana watu wanangojea fedha zao, na uaminifu, maana kilo isiyoandikwa ni kilo isiyolipwa.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Stakabadhi 600 zimefika jioni zikitaka kuingizwa katika daftari kuu. Kila moja yahitaji sekunde 2: sekunde 1.9 za kuuliza na kungojea jibu kutoka kompyuta ya mbali, na sekunde 0.1 ya kuandika daftarini. Mtenda kazi mmoja, akizichukua moja baada ya moja, atamaliza kwa sekunde 1,200, yaani dakika 20. Lakini sehemu kubwa mno ya muda huo hafanyi lolote ila kungoja, mfano wa mpishi aliyeinjika chungu kimoja akakitazama mpaka kichemke, hali mafiga mengine yako wazi.

Dawa ya kwanza imjiayo mtu akilini ni kumwajiri mtenda kazi mpya kwa kila stakabadhi na kumwachisha akisha kuimaliza. Dawa hiyo ni ghali. Ghala lenye busara halimwandiki mchukuzi mpya kwa kila gunia; huwaandika wachukuzi kumi kwa msimu mzima, magunia yakapangwa mstari, na kila mchukuzi akitua mzigo mmoja huurudia mstari na kutwaa wa pili. Kikosi katika programu ni vivyo hivyo. Watenda kazi ni wachache na hesabu yao yajulikana. Kazi hupangwa katika foleni. Anayemaliza huchukua ifuatayo. Hakuna msimamizi wa kugawa kazi kwa majina, na aliyepata kazi nyepesi hakai bure akimngoja mwenziwe mwenye kazi nzito.

Foleni nayo yataka kanuni. Ikiachwa irefuke bila kikomo, itaijaza kumbukumbu ya kompyuta kama malori yazibavyo uwanja wa ghala. Kwa hiyo huwekewa ukubwa maalumu, na ikijaa, mleta kazi huambiwa angoje nje. Pili, mtenda kazi aliyekuta stakabadhi yenye kasoro hana ruhusa ya kuitupa kimya kimya. Lazima aitoe kando na kutoa taarifa, wenziwe wakiendelea. Tatu, wakati wa kufunga, mlango hufungwa kwanza kwa kazi mpya, zilizomo zikamalizwa, ndipo kikosi kikaagwa. Programu inayokatizwa bila utaratibu huo huacha kazi nusu, na nusu hiyo ni haki ya mtu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika daftari. Tuseme jumla ya chama kimoja ni kilo 4,000. Mtenda kazi wa kwanza asoma 4,000, naye ana kilo 80 za kuongeza. Kabla hajaandika, wa pili naye asoma 4,000, akiwa na kilo 120. Wa kwanza aandika 4,080; wa pili aandika 4,120 juu yake. Jumla iliyo kweli ni 4,200. Kilo 80 zimepotea bila mwizi, bila gunia kupasuka, na bila mtu yeyote kusema uongo. Hapa ndipo mrama wa manahodha wengi. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, aliandika juu ya tatizo hili mwaka 1965. Tiba yake ni kufuli: ashikaye daftari hulifunga, husoma, huongeza, huandika, ndipo hulifungua, wengine hungoja. Hali kadhalika, katika njia moja ya reli, treni mbili haziruhusiwi kuingia katika kipande kimoja kwa wakati mmoja.

Lakini kufuli lina gharama yake, na gharama hiyo ndiyo mpaka wa kikosi. Katika mfano uliotangulia, watenda kazi 10 watamaliza kwa dakika 2 hivi, na 20 kwa dakika 1. Je, 100? Watamaliza kwa dakika ile ile 1. Stakabadhi 600 zikipita daftarini moja moja, kila moja kwa sekunde 0.1, haziwezi kupungua sekunde 60, hata wangeletwa watu elfu. Waliozidi ishirini watasimama mlangoni wakila posho. Mmarekani Gene Amdahl alitoa hoja ya namna hii mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua upesi wa kazi nzima.

Nachingwea yenyewe iliujua ukweli huo kwa gharama kubwa kabla ya kompyuta kufika. Mpango wa Karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza kazi Tanganyika mwaka 1947 huko Kongwa na kuenea Urambo na Nachingwea, ulikusudia kulima eka 3,210,000. Matrekta na watu waliletwa mbio, ilhali njia za kuvipitisha vitu vyote hivyo zilikuwa nyembamba. Reli ya kusini na bandari mpya ya Mtwara ziliamriwa zijengwe kwa ajili ya Nachingwea. Lakini mpango ulivunjwa mwaka 1951, na bandari ya maji marefu ilianza kazi mwaka 1954. Pauni zipatazo milioni 36 zilipotea. Zilikuwako sababu nyingine, zikiwamo udongo na uhaba wa mvua huko Kongwa. Hata hivyo hili moja ladumu kuwa somo, kwamba kuongeza mikono nyuma ya mlango mwembamba ni kuongeza msongamano.

Kwa hiyo mtungaji wa programu, kabla ya kuuliza watenda kazi wawe wangapi, yampasa aupime mlango. Ikiwa kazi ni ya kungojea, kikosi chaweza kuwa kikubwa mpaka daftari lishibe. Ikiwa ni ya kukokotoa mfululizo, kikosi kisizidi sana idadi ya viini vya kompyuta, kwani kiini kimoja hakikokotoi hesabu mbili kwa nukta moja. Na katika hali zote mbili kufuli lishikwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, wala lisiachwe kabisa kwa tamaa ya upesi. Mkulima wa Ruangwa aliyepeleka kilo 80 aweza kusubiri dakika moja zaidi. Hawezi kurudishiwa kilo ambazo daftari halikupata kuzijua.